Magurudumu ya Mbele Hayavuti

Newala,
12 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Gerson,

Shikamoo. Ni matumaini yangu wewe na Mama Queen hamjambo hapo Chiwata, na korosho zenu zimekubali kukauka kabla ya mvua. Sisi hatujambo. Mama, dada yako, anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua asubuhi, lakini jana alikwenda sokoni mwenyewe akarudi na habari za mji mzima. Maji hayajatoka wiki ya pili sasa, tunaoga kwa zamu kama tuko bwenini.

Mjomba, nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani tena. Juzi nilimweleza Mama Queen kila kitu ili akupigie kelele sikioni, naye akakuambia, "Ethel anasema gari linaumwa." Basi. Kwa hiyo barua hii atakuletea Abdulazizi, kondakta wa basi la Masasi. Ataiacha dukani kwa Stamili hapo njia panda, na jibu lako limpitie yeye vilevile.

Gari lenyewe ni pikapu jipya la kikundi chetu cha Tuinuane, ninaloendesha kubeba wagonjwa. Halijamaliza hata miezi minne. Jumamosi nilishuka nalo bondeni, Namitema, kuchukua mgonjwa. Wakati wa kupanda, pale kwenye mchanga, nikazungusha swichi ya fo-wili kutoka H2 kwenda H4. Taa ya kijani ikaanza kuwaka na kuzimika. Kwa kawaida hufanya hivyo mara tatu nne kisha inatulia, nami najua magurudumu yote manne yanavuta. Safari hii haikutulia. Ilipepesa mpaka nikafika juu, na nilifika kwa sababu mchanga ulikuwa mkavu na mgonjwa alikuwa mwepesi. Jana nikajaribu kwenye uwanja wa shule. Mara ya kwanza ikakubali, mara ya pili ikakataa.

Mwanao Queen nilimwona. Tumbo limekuwa kubwa, anacheka tu, anasema utapata mjukuu mwenye miguu ya mcheza mpira. Kliniki wamempa katikati ya Februari. Wewe unajua mteremko wa Namitema unavyokuwa mwezi wa pili, na unajua gari linalofika kule ni hili moja.

Niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Ethel


Chiwata,
20 Novemba 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata, inanuka vitunguu vya Stamili. Sisi tuko salama. Korosho tulizookota ni kidogo kuliko mwaka jana, ila hazikunyeshewa. Mama Queen anasema aliniambia maneno mengi zaidi ya hayo uliyoandika, mimi ndiye niliyesikia mawili. Inawezekana.

Sasa gari. Usiogope kabla hatujajua. Magari mengi ninayoletewa kwamba fo-wili imekufa, huwa haijafa. Dereva ndiye anayeidai vibaya. Sisemi wewe, nasema tuanze na rahisi. H4 unaweza kuiweka huku gari linatembea polepole, lakini usukani unyooke na mguu uondoke kwenye mafuta. L4, ile nzito ya mlimani, ni lazima usimame kabisa, gia iwe huru, ndipo uzungushe swichi. Taa ikiendelea kupepesa, sogea mbele hatua kumi, rudi nyuma, sogea tena, maana wakati mwingine meno ya ndani hayajakutana tu. Na usiiweke kamwe kwenye lami, magurudumu yatabanana.

Ukimaliza hayo fanya mtihani huu. Tafuta mchanga mlaini, weka H4, mtu asimame kando atazame magurudumu ya mbele wakati unakanyaga mafuta. Ya nyuma yakizunguka na ya mbele yakakaa tu, tumejua ugonjwa uko upande gani. Asisikilize injini, atazame. Mimi siku hizi natazama tu, na mengi nayaona.

Mwambie Queen apande kwenu mapema. Mumewe Dastani atajipikia.

Mimi mjomba wako,
Gerson


Newala,
29 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, Mama anashukuru kwa korosho ulizotuma. Maji yametoka siku moja, saa nane za usiku, na mji mzima uliamka na ndoo.

Nimefanya yote kama ulivyoandika. Mtihani wa mchanga tulifanya mimi na Yassini, dereva mwenzangu anayeshika gari siku zangu za mapumziko. Alichuchumaa kando, nami nikakanyaga. Ya nyuma yalichimba mashimo. Yassini akasimama akafuta mikono, akasema, "Dada Ethel, huku mbele hakuna kitu. Yamelala." Tukarudia mara sita. Mara ya tatu tu yalivuta, tena vizuri, halafu hayakuvuta tena.

Mjomba, kuna jambo jingine. Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa kamati yetu, amesikia. Aliniita ofisini akaniuliza kama nimewahi kuweka fo-wili kwenye lami. Nikasema sijawahi. Akaandika kitu kwenye daftari bila kuniangalia. Wapo kwenye kamati waliosema tangu mwanzo kwamba pikapu jipya lisipewe mwanamke, na sasa wanaulizana kwa sauti ya kutosha ili nisikie.

Naomba uje. Siku moja tu. Ulilishika gari hili mwezi wa nane ulipolifunga ngao na bamba la chini, unalijua. Nitakuja kukupokea stendi.

Queen amesema atapanda tarehe moja Februari, si kabla. Mpunga unapandwa mvua zikianza na ndege hufukua mbegu, hataki kumwachia Dastani peke yake. Nilimgombeza, akanipa ndizi.

Ethel


Chiwata,
16 Desemba 2024

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na msiba hapa jirani, kisha nyasi za paa la jikoni zilitaka kubadilishwa kabla ya mvua, kisha mgongo. Hivi ndivyo siku zinavyokwenda. Mama Queen hajambo, ameanza kushona vitambaa vya mtoto.

Kuja Newala sasa sitaweza. Nitakueleza, wewe una akili ya kutosha.

Tazama fyuzi kwanza, ziko kwenye kisanduku karibu na betri, na mfuniko wake umechorwa ipi ni ipi. Kisha pima tairi zote nne, ziwe za saizi moja na upepo mmoja, kwani tairi zikitofautiana zile difu za kugeuza magurudumu, ya mbele na ya nyuma, hazipatani. Kama hayo ni mazima, basi kuna mota ndogo imekaa juu ya difu ya mbele, kama ngumi ya mtu. Hiyo ndiyo inayosukuma kitu ndani ili magurudumu ya mbele yashike. Ina waya, na waya una soketi. Mota ikikosa umeme, taa hupepesa hivyohivyo unavyosema.

Nikuulize. Tangu gari lije, kuna mtu mwingine yeyote aliyeingia chini yake? Gereji ya kubadilisha oili, mtu wa kuosha, yeyote? Fikiri vizuri kabla ya kujibu.

Na Queen asisubiri Februari. Mwambie baba yake amesema. Ndege waache wale.

Gerson


Newala,
23 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Krismasi kwenu nyote. Mama amepika vitumbua mapema, akavificha, tukavipata.

Fyuzi ni nzima. Tairi ziko sawa. Chini ya gari hakuna aliyeingia isipokuwa wewe. Oili bado haijafika muda wa kubadilishwa, na anayeosha ni mimi mwenyewe kwa maji ya ndoo moja, juu tu. Mota nimejaribu kuichungulia lakini bamba la chini linaziba, na Mzee Bartholomayo ametangaza kwamba asifungue mtu boliti hata moja, asije wakala akasema tumeharibu waranti. Wakala wenyewe wanasema tulipeleke Dar es Salaam, na zamu yetu ni Machi.

Mvua zimeanza. Wiki iliyopita nilishuka Namitema, tukachelewa kidogo kupanda, lakini tulifika.

Mbona unauliza nani aliingia chini?

Ethel


Newala,
13 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimemwuliza Abdulazizi mara tatu kama ana barua yangu, mpaka ananikimbia stendi. Mama anauliza kama unaumwa. Mama Queen kwenye simu anasema huumwi, ila unakaa karakanani kwako siku nzima na hufanyi kazi.

Funguo wamezichukua. Sasa gari linashikwa na Yassini, mimi nimebaki kujaza daftari la safari. Yassini ni mtu mwema, lakini mteremko wa Namitema hajaupanda na matope hata siku moja, na ameniambia mwenyewe kwamba anauogopa.

Sikukuandikia ukweli mwezi uliopita. Siku ile ya kuchelewa, gari lilirudi nyuma kwenye kona ya pili, hatua kama kumi na tano, taa ikipepesa, na nyuma yangu kulikuwa na mama wa watoto watatu mwenye homa. Lilisimama kwa sababu lilikuta kisiki. Sikukuambia kwa kuwa nilijua utamwaza Queen. Sasa nakuambia kwa sababu mimi namwaza kila siku.

Nijibu, hata kama hujui.

Ethel


Chiwata,
17 Januari 2025

Ethel, mpwa wangu,

Marahaba. Leo nisamehe, habari za nyumbani nitaziacha.

Najua kinachosumbua gari. Nimekijua tangu barua yako ya kwanza, au nilishuku, na kushuku kwa fundi wa miaka arobaini ni kujua.

Mwezi wa nane, nilipofunga lile bamba la chini, waya wa mota ya mbele ulikuwa unapita njia ya boliti. Nikachomoa soketi ili nipate nafasi. Bamba lilipokaa nikarudisha soketi kwa kupapasa, maana pale jicho halifiki, inafika mikono tu. Soketi ile ina ulimi wa plastiki. Ikiingia mpaka mwisho inalia tik. Maisha yangu yote nimefunga soketi kwa kusikiliza tik. Siku ile nilisukuma, sikusikia kitu, nikajiambia imelia ila masikio yangu ndiyo hayakusikia. Ilikuwa jioni, wewe ulikuwa umekaa pale nje na Mama Queen mnakula mihogo, unanisubiri. Ningeweza kukuita nikakuambia, "Hebu sikiliza hapa." Niliona haya. Ulikuwa umeiambia kamati kwamba mjomba wako ni fundi kuliko hao wa mjini.

Imeingia nusu. Kwa hiyo mara inagusa, mara haigusi, na sasa maji na vumbi vimeingia.

Nilipokuuliza nani aliingia chini ya gari, nilikuwa naomba kuwe na mtu mwingine. Ulipojibu kwamba ni mimi tu, sikuweza kushika kalamu. Mama Queen hajui. Nimekuwa nikimtazama anashona vitambaa.

Fanya hivi. Lala chini upande wa dereva, pitisha mkono kati ya bamba na difu, mkono wako mwembamba utapita bila kufungua boliti. Utaukuta waya mnene wenye ala nyeusi, ufuate mpaka soketi. Ichomoe, ikaushe, safisha pini zake za ndani kwa kitambaa kikavu, kisha sukuma mpaka wewe usikie. Mwambie Yassini afanye kama wewe hawakuruhusu. Mwonyeshe Mzee Bartholomayo barua hii.

Gerson

20 Januari. Barua hii imekaa mfukoni mwa shati langu siku tatu. Nilipoileta dukani sasa hivi, Stamili akaniandikia kwenye karatasi ya sukari kwamba basi halipiti, daraja limefunikwa na maji. Namwachia. Mungu anisamehe zile siku tatu.


Newala,
28 Januari 2025

Mpendwa Mjomba na Mama Queen,

Shikamooni. Nawaandikia kwa furaha. Najua simu mmepata, lakini Mama anasema jambo kama hili liandikwe.

Mna mjukuu wa kike. Amezaliwa Ijumaa tarehe 24, hapa hospitalini, wiki tatu kabla ya siku zake. Queen anaendelea vizuri. Mtoto ni mdogo lakini ananyonya. Dastani anazunguka hapa wodini kama kuku aliyepotea, manesi wamempa kazi ya kuteka maji ili asiwasumbue.

Nilikwenda kuwachukua mimi. Yassini alikuwa Ndanda kumwangalia mama yake aliyelazwa, hivyo Mzee Bartholomayo alinipa funguo. Njia ilikuwa na matope kidogo lakini tulipanda salama. Fo-wili nayo imepona: kulikuwa na jiwe lililoruka likalegeza waya wa mota kule chini, nikaurudisha. Kwa hiyo usijisumbue tena na jambo hilo, limekwisha. Kamati nimewaeleza hivyo.

Barua yako sijaipata, na Abdulazizi anasema daraja bado. Hata ikichelewa haidhuru sasa.

Wenu,
Ethel


Chiwata,
5 Februari 2025

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Tumefurahi mpaka Mama Queen amegawa vitambaa vingine kwa majirani na kuanza kushona upya. Amekwenda kanisani kushukuru. Mimi nilibaki nyumbani.

Barua zetu zimepishana njiani. Nadhani sasa umeisoma yangu.

Ethel, jiwe haliwezi kufika pale. Bamba nililolifunga mimi ndilo linalozuia mawe. Hakuna jiwe lenye mkono wa kuchomoa soketi iliyofungwa vizuri. Ulipoishika ulijua ni nani aliyeiacha vile, ukaniandikia jiwe. Umefanya kwa wema, lakini nakujua tangu unatambaa. Ukiandika "salama" na "kidogo" mara nyingi kwenye ukurasa mmoja, kuna kitu.

Na kamati ikisikia jiwe itasema nini? Itasema dereva alikuwa anakimbiza gari. Funguo watakurudishia?

Nimemwandikia Mzee Bartholomayo mwenyewe. Barua yake imetoka pamoja na hii. Nimeeleza soketi, nimeeleza masikio, nimeeleza kwamba nilijua tangu Novemba. Mama Queen nimemwambia jana. Alitoka nje, akakaa na kuku muda mrefu. Leo amenipikia kama kawaida lakini hajanitazama.

Nieleze ilivyokuwa siku ile. Yote. Nina haki ya kujua nilichofanya.

Gerson


Newala,
11 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Amezisoma barua zako zote mbili, nilimruhusu, akasema, "Huyu kaka yangu tangu utoto akivunja sahani anashinda njaa wiki nzima." Goti lake limepata nafuu.

Nitakueleza, kwa kuwa umeomba.

Dastani alipiga simu saa saba mchana kutoka kile kichuguu chenye mtandao. Maji yalikuwa yamevunjika na damu ilikuwa inatoka. Nilikimbia kwa Mzee Bartholomayo. Alizishika funguo, akaniuliza, "Fo-wili imepona?" Nikasema haijapona. Akasema, "Sasa utapandaje?" Nikamwambia sijui, lakini nikikaa hapa sitapanda kabisa. Akanipa.

Tuliondoka Namitema saa tisa na nusu. Queen alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya jirani yake Huruma. Dastani alikuwa nyuma wazi kwenye mvua ili kuongeza uzito. Kona ya kwanza tulipita. Kona ya pili taa ikaanza kupepesa, tairi za nyuma zikazunguka bure, na gari likaanza kurudi, Mjomba, si nyuma moja kwa moja bali upande, upande wa korongo. Dastani aliruka akaweka jiwe, likapitwa, akaweka jingine, likashika. Tairi ya nyuma ilibaki kama hatua mbili kutoka ukingoni. Huruma alikuwa anasali kwa sauti. Queen hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Ethel, fanya haraka, nasikia baridi."

Wewe ulikuwa umeniandikia kuhusu mota kama ngumi ya mtu na waya wenye soketi. Sikuwa na kingine cha kushika. Nikamwambia Dastani akae na mguu kwenye breki, nikaingia chini ya gari. Maji ya mteremko yalikuwa yanapita mgongoni. Nilipapasa mpaka nikaupata. Soketi ilikuwa inaning'inia kwenye ncha yake, imejaa matope mekundu. Niliisafisha kwa kanga ya Huruma, nikasukuma. Ikalia tik. Ndiyo, nilijua hapohapo. Nilikasirika, Mjomba. Nililala chini ya gari lile nikakutukana kwa maneno ambayo sitayaandika.

Nikarudi kwenye usukani, nikaweka L4. Taa ikatulia. Tulipanda.

Queen alifanyiwa upasuaji saa kumi na mbili jioni. Aliongezewa damu mara mbili, moja ni yangu. Daktari alimwambia Dastani kwamba wangechelewa kidogo zaidi angewapoteza wote wawili. Mtoto alikaa siku sita kwenye chumba cha joto. Sasa wako hapa nyumbani kwetu na wote wanaendelea vizuri. Safari hii siandiki hivyo ili kukupoza.

Nilikuandikia jiwe kwa sababu hasira iliisha nilipomwona mtoto, na nikaogopa kwamba ukijua utaacha kula. Barua yako ya mfukoni ilifika siku mbili baadaye. Niliisoma nimesimama stendi.

Kamati ilikutana jana. Mzee Bartholomayo alisoma barua yako mbele ya wote, polepole, kama mwalimu. Akaniomba radhi, nao wengine wakaitikia, wengine kwa midomo tu. Funguo wamenirudishia. Pia wameamua kwamba wewe usilishike tena gari la kikundi. Walinitazama kuona kama nitakutetea. Sikukutetea, kwa sababu hata mimi nisingekupa. Nimeona ni afadhali usikie kwangu kuliko kwa mwingine.

Queen nilimweleza yote. Alikuwa ananyonyesha. Alimhamishia mtoto titi la pili, kisha akauliza, "Baba anakula?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie nimechukia. Na mwambie aje, nimchukie nikiwa namwona."

Tarehe moja Machi Dastani anawarudisha Namitema. Njooni kabla.

Ethel


Chiwata,
19 Februari 2025

Mpwa wangu Ethel,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara moja. Mama Queen ameisoma baada yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimweleze alikuja akakaa karibu nami.

Kamati imeamua sawasawa. Sitashika tena gari ambalo mtu atapanda nalo mlima. Nimemwambia Stamili awatangazie wateja pale dukani. Nitaendelea na baiskeli na mashine za kubangulia korosho, hizo zikilegea hazimuui mtu. Nilidhani nitalia siku ya kufunga spana kubwa kwenye gunia. Sikulia. Nililala mchana kutwa, kitu ambacho sijafanya tangu Novemba.

Ulinitukana kwa haki. Usiyafute hayo maneno kichwani kwa ajili yangu.

Tunakuja Jumanne kwa basi la asubuhi, Mama Queen na mimi. Mwambie Queen baba yake anakula kidogo, na kwamba nitakaa mbele yake muda wote anaoutaka anichukie. Nikisema neno lisilofaa nigonge mkono.

Nina ombi moja. Tarehe moja, utakapowashusha Namitema, nami nipande. Najua sijauona mteremko ule tangu Queen alipoolewa, na najua mvua haijaisha. Mama Queen anasema nibaki Newala na dada yangu, nimekataa. Queen na mtoto wakae nyuma na Dastani, mahali palipo salama zaidi. Mimi nitakaa kiti cha mbele, upande wa korongo. Utakapoweka L4 usinitazame, tazama njia. Taa nitaiangalia mimi.

Mjomba wako,
Gerson